Sura ya Tano: Mgeni wa Pande Mbili

Katerero ni kata ya Bukoba Vijijini. Ina shule, makanisa, misikiti, migomba iliyotunzwa, na akina mama wanaoamka alfajiri kuwasha moto kama wenzao wa Kamachumu au Kanyigo. Lakini litaje jina hilo kwenye daladala ya Mbagala, au kwenye kantini ya ofisi Dodoma, uone watu wanavyogusana viwiko. Sitaeleza wanacheka nini. Asiyejua hajakosa kitu. Binti wa Kihaya anayeanza kazi nje ya Kagera hukutana na kicheko hicho kabla hajaonyeshwa meza yake. Akijibu, ana mdomo. Akinyamaza, anaringa, na Wahaya si ndivyo walivyo? Akipendeza, swali ni nani anamvisha. Akichomekea Kiingereza, ni nshomile, msomi wa kujidai. Akidai posho yake kama mwenzake wa kiume alivyodai jana, basi hao hela ndiyo dini yao.

Mzaha huo una umri wa karibu miaka mia, na una chanzo. Wanaoueneza hawakijui. Wazee wetu wanakijua, ila hawapendi kukitaja mbele ya wageni. Chanzo ni kibanja.

Kwa asiyefika Muleba: kibanja ni nyumba iliyozungukwa na migomba, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa maharage, na pembeni kuna makaburi ya waliotangulia. Udongo wake umelishwa samadi na majani kwa vizazi, ndiyo maana hata rangi yake hailingani na ule wa rweya, zile nyanda za nyasi nje ya makazi ambako ardhi ni hafifu. Mwanamke hulima kote kuwili. Kibanjani anapalilia, anatandaza majani, anachuma kahawa. Rweya analima vishamba vya msimu, njugu mawe na mihogo, ambavyo akishavuna vinarudi kuwa nyasi. Kwa hiyo ardhi inayorithika ni ya wanaume, na ile anayoweza kuiita yake ndiyo isiyodumu. Kahawa anaichuma yeye, lakini daftari la chama cha msingi lina jina la mume, na malipo hufuata jina. Baya zaidi ni butura: mwanamume ana shida ya pesa, au ana kiu tu, anauza kahawa ingali ua mtini kwa bei ya kutupa. Mke anakuja kujua siku ya kuchuma, mnunuzi anapofika na magunia yake.

Katika mpango huo binti ni mgeni tangu anazaliwa. Atalelewa kibanjani kwa baba, lakini kila mtu anajua ataondoka. Akiolewa anakwenda kuwa wa kuja katika kibanja cha ukoo mwingine. Akiachika, au mume akifa bila mtoto wa kiume, anarudi kwao na kukuta kaka ndiye mwenye mji na wifi ndiye mwenye jiko. Niwatendee haki wazee: hoja yao haikuwa ya kijinga. Ardhi ikimfuata binti kwa mumewe, walisema, watu wa ukoo mwingine watakuja kupanda migomba katikati ya makaburi yetu. Ni hoja ya watu wanaoogopa kupotea. Tatizo ni kwamba gharama ya hofu hiyo ilibebwa na upande mmoja.

Katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, baadhi ya wanawake wa Bukoba waliamua kutoka. Wengi walikuwa wametoka kwenye ndoa na hawakuwa na pa kurudi. Walipanda meli za ziwani, wakaenda Kampala, Nairobi, hata Mombasa, na huko wakafanya biashara ya mwili, mojawapo ya chache ambazo mji wa kikoloni ulimlipa mwanamke asiye na cheti wala mwenyeji. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya wakati huo, ameonyesha kuwa wanawake wa Bukoba walijulikana mjini hapo kwa kufanya kazi yao waziwazi, wakikaa mlangoni na kutaja bei, bila kujifanya wake wa mtu. Majirani waliwaona hawana haya. White aliona kitu kingine: pesa yao haikukaa Nairobi. Ilirudi nyumbani. Ililipa madeni ya baba bei ya kahawa ilipoporomoka katika miaka ya 1930, ikasaidia ndugu, na wengine walirudi wakanunua vibanja vyao wenyewe. Ardhi ya kununua si ya ukoo. Hiyo hakuna kaka wala mpwa aliyeweza kumnyang'anya.

Hapa ndipo ninaposhindwa kucheka na wanaocheka. Mwanamke aliyenyimwa shamba alikwenda kulitafuta shamba kwa njia iliyokuwa wazi, akalipata, na jina la njia ile likabandikwa kwa bintiye, mjukuu wake, na wanawake wa Kihaya ambao hawajawahi kufika hata Mwanza. Wasomi wa Kihaya, ambao tangu 1924 walikuwa na chama chao, Bukoba Bahaya Union, waliona aibu kubwa. Wao na watemi waliibana serikali ya kikoloni iwazuie wanawake kupanda meli na kuwarudisha waliokwisha kwenda. Walitaka mlango wa meli ufungwe. Mlango wa kibanja ulibaki ulivyokuwa.

Kisha mila ikaandikwa. Mwaka 1945 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, pamoja na mwenzake Hartnoll, walitoa kitabu kikubwa cha sheria za kimila za Wahaya, vifungu kwa mamia. Walikaa na wazee, wazee wakasema, wao wakaandika. Bibi zetu hawakuwa kwenye mabenchi hayo. Baada ya uhuru, serikali changa ilitaka makabila yawe na sheria moja ya kimila badala ya kila bonde na yake, na Cory huyo huyo ndiye aliyeanza kazi ya kuziunganisha. Matokeo yake ni Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Humo warithi wamepangwa kwa daraja. La kwanza ni la mtoto wa kiume wa kwanza, la pili ni la watoto wengine wa kiume, na la tatu ni la mabinti, hata kama binti ndiye mkubwa wa wote. Ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza, isipokuwa ukoo umekosa mwanamume kabisa. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto.

Mila ya mdomo ilikuwa na nafasi ya kubishana. Baba aliyempenda binti yake aliweza kumkatia kipande na majirani wakashuhudia. Mila iliyopigwa chapa ilipata namba ya kifungu, na namba ya kifungu haina huruma ya jirani.

Sasa twende Kashasha, wilayani Muleba. Wengi duniani wamelisikia jina hili kwa sababu ya tukio la 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walipoanza kucheka na kushindwa kuacha. Waliofuata walifika 95 kati ya wanafunzi 159. Walicheka, wakalia, wakakimbia ovyo. Wengine kwa saa chache, wengine hadi siku 16. Shule ilifungwa Machi, wasichana wakarudi makwao, na kicheko kikafika Nshamba, kikawapata watu zaidi ya 200. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakakagua chakula, hawakukuta sumu wala kijidudu. Walimu hawakuguswa. Hadi leo kisa hiki husimuliwa ughaibuni kama kichekesho, na hapa kwetu kama ushahidi kwamba akili ya msichana ni nyepesi. Mimi nakisoma tofauti. Hao walikuwa mabinti wa miaka 12 hadi 18, waliopelekwa bwenini kujifunza kuwa watu wa taifa jipya, na likizo wakarudi kwenye nyumba ambako walisalimia kwa kupiga magoti na kusikia wanaulizwa wataolewa lini. Kuna mzigo ambao mwili huukataa kabla mdomo haujapata maneno.

Miaka 26 baadaye, Kashasha hiyo hiyo, mwanamke mmoja alipata maneno.

Holaria Pastory alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, na baba alikuwa ameacha wosia halali. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza ardhi ile kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake, naam, kesho yake tu, mpwa wake Bernardo Ephrahim alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai mauzo yafutwe, kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Najiuliza kama mpwa huyo aliwahi kufika kwa shangazi kwa kasi hiyo siku shangazi alipokosa kuni. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi na kumwamuru Holaria arudishe pesa. Bibi huyu hakukubali. Mahakama ya Wilaya ikamrudishia haki yake. Mpwa akapanda Mahakama Kuu, Mwanza.

Huko alimkuta Jaji James Mwalusanya, mtu aliyeisoma Katiba kama inavyopaswa kusomwa, yaani kama imeandikwa kwa ajili ya wanaonyimwa haki. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na milango ya kuzidai mahakamani ilifunguliwa 1988, mwaka ule ule Holaria alipouza. Mwaka 1985 Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji alitamka kwamba kanuni inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ambayo mwanamume angeweza kuiuza ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Mwanamke na mwanamume wa Kihaya wana haki sawa. Mpwa akiitaka ardhi, aikomboe kama ambavyo angeikomboa kwa mwanamume wa ukoo: alipe 300,000 ndani ya miezi sita, la sivyo inabaki kwa mnunuzi.

Hukumu hiyo inasomwa kwenye vyuo vya sheria duniani. Muleba kwenyewe, wanawake wengi niliozungumza nao hawajaisikia. Wala haikuufuta ule waraka wa 1963. Wajane wawili wa Shinyanga walipoupinga Mahakama Kuu, mwaka 2006, majaji walikubali kwamba una ubaguzi lakini wakakataa kuubatilisha. Rufaa ikatupwa 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye karatasi. Wakafika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao na kuitaka ibadilishe sheria hizo.

Wakati Holaria anahangaika na mahakama, wajane wa Kagera walikuwa wanaongezeka kila wiki. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Utafiti wa 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Kabla haujapata jina la kitabibu, ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za mtindo zilizovushwa kwa magendo kutoka Uganda. Ilisemwa kwamba wanawake waliozitamani bila kuwa na pesa walizilipia kwa miili yao. Tazama jinsi kidole kilivyoelekezwa. Kulikuwa na vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, kulikuwa na madereva, wanajeshi na wafanyabiashara waliokuwa na pesa mfukoni, lakini ugonjwa ulipewa jina la kike. Mume alipokufa, mjane aliambiwa amemuua. Mara nyingi maneno hayo yalikuwa dibaji tu. Sentensi iliyofuata ilihusu kibanja.

Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliandika mwaka 1997 juu ya kijiji cha Kagabiro na jinsi ugonjwa ulivyobomoa uchumi wa kaya za wakulima. Alikuwa mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwenyekiti wa BAWATA, baraza la wanawake ambalo serikali ililisimamisha 1996 na kulifutia usajili 1997 ikidai linafanya siasa. Kuanzia 2000 aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kwa miaka kumi, akarudi kuwa mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi. Ukimtaja vijiweni, utasikia "ndiyo, lakini wale ni wachache." Mwanamke akifaulu ni wa pekee, mmoja akikosea, ni wote.

Si kila kitu kimeganda. Zamani mwanamke wa Kihaya aliokota senene, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, na hakuruhusiwa kuwala. Walikuwa chakula cha wanaume. Leo pita soko la Bukoba mwezi wa Novemba. Akina mama wamekaa nyuma ya beseni za senene wa kijani na wa kahawia, vidole vinanyonyoa bila macho kutazama, na kila baada ya muda mmoja anajitupia senene mdomoni huku anakutajia bei. Mwiko umekufa bila kikao chochote kuitishwa, kwa sababu hakuna aliyeona hasara. Mwiko wa ardhi haufi hivyo. Kuna anayenufaika nao.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kuanua matanga, si mbali na Nshamba. Wanaume walikuwa kwenye mabenchi chini ya mparachichi, rubisi ikizunguka. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanamenya ndizi. Miongoni mwao alikuwa binti mkubwa wa marehemu, mhasibu Mwanza, amefunga kanga juu ya gauni la ofisini, vidole vyeusi kwa utomvu. Yeye ndiye aliyelipa hospitali, jeneza na basi la waombolezaji. Walipomaliza kugawa, walimwita asikie. Alikuja akapiga magoti. Kibanja kimekwenda kwa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na miaka 22 na pikipiki ya mkopo. Baba mdogo akasema kwa upole, na najua upole ule ulikuwa wa kweli: "Waitu mwanangu, baba yako hakukusahau. Alikupa shule. Shule ndiyo kibanja chako."

"Asante, baba mdogo," alijibu. "Na huyu mdogo wangu aliposomeshwa kwa kahawa hiyo hiyo, alipewa nini badala yake?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema hayo ni maneno ya mjini. Binti akainuka, akarudi kwenye ndizi zake, na kufika Krismasi kundi la WhatsApp la familia lilikuwa linamkumbusha mchango wake wa mabati ya nyumba ile.

Huyo ndiye mwanamke wa kisasa wa Bukoba na Muleba ninayemwona kila mahali. Anachangia kama mrithi na anasalimia kama mgeni. Kwa baba anaambiwa kwake ni kwa mumewe. Kwa mume, wakigombana, anaambiwa arudi kwao. Asipoolewa, elimu imemharibu. Akiolewa na kufanikiwa kumzidi mume, mume anahurumiwa. Akinunua kiwanja chake Kashai kwa jina lake mwenyewe, watu wataulizana amepata wapi pesa, na mtu wa kwanza kukonyeza hakosekani. Mambo yamezunguka yakarudi pale pale pa Nairobi ya 1930: mwanamke mwenye ardhi lazima awe na siri.

Sheria ya leo iko upande wake kuliko anavyojua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake, au kwa majina ya mke na mume pamoja. Lakini sheria haihudhurii kuanua matanga. Anayehudhuria ni baba mdogo.

Ndiyo maana neno langu la mwisho katika sura hii ni kwa akina baba wenye vibanja. Holaria alikuwa na jaji mwema, lakini kabla ya jaji alikuwa na karatasi ya baba yake. Bila wosia, jina la binti yako linasubiri katika daraja la tatu la mwaka 1963. Wosia wa kimila wa maandishi hauhitaji wakili. Kama unajua kusoma na kuandika, unahitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hujui, wanne, wawili kwa wawili. Mkeo naye ashuhudie. Taja kipande kwa mipaka yake: mgomba gani, kaburi la nani, njia ipi. Mpeleke binti akasimame kwenye mipaka hiyo majirani wakiona, ungali na nguvu ya kutembea. Kisha nakala moja mpe yeye, nyingine ipeleke parokiani, msikitini au kwa mtendaji. Usiiache sandukuni, sanduku la marehemu hufunguliwa na kaka zake.